Simu ya Marehemu Imejaa

"Toa kidole hapo, koplo."

Koplo aliuondoa mkono juu ya simu kana kwamba umeungua. Alikuwa askari hodari, mwanamke wa maneno machache na mwandiko ulionyooka, na hakuzoea kukemewa.

"Nilitaka kuisaidia tu, afande. Imejaa pomoni. Kila ukifungua kitu inagoma. Yenyewe inaniuliza kama niimwagie takataka, nami nilikuwa naikubalia."

"Ukikuta damu sakafuni, hupigi deki ili upate pa kupita," Inspekta alisema. "Kielelezo hakifagiliwi. Nipe."

Ilikuwa simu ya bei ndogo, kona moja imepasuka, ganda lake limeota ukoko wa grisi ambao hakuna kitambaa kingeutoa. Juu ya kioo maandishi mekundu yalirudia lalamiko lile lile: nafasi ya kuhifadhi imejaa.

Mwenye simu alikuwa amekwisha zikwa. Alikuwa fundi magari mkongwe, aliyeitwa Mzee Taratibu na kila aliyefanya naye kazi, kwa sababu neno hilo halikukauka kinywani mwake. Juma lililopita gari lilimwangukia kifuani akiwa chini yake, katika gereji ya mpwa wake. Jeki ilikutwa imelala ubavu. Stendi mbili za chuma, zile zinazosimamishwa chini ya gari ili uzito usibaki juu ya jeki peke yake, hazikuwapo. Kazi ya kuzisimamisha ilikuwa ya fundi msaidizi, ambaye marehemu alimlea tangu utotoni na ambaye gereji nzima ilimwita Nati. Sasa Nati alikuwa mahabusu, na kesho asubuhi angefikishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kuua bila kukusudia.

Utetezi wake ulikuwa mfupi. Alisema alizisimamisha stendi zote mbili. Mzee akazirekodi kwa simu, kama alivyofanya kwa kila gari kabla ya mtu yeyote kuingia chini. Kisha Nati akatumwa dukani kununua boli, na aliporudi alikuta watu wamejaa na mtu hana uhai.

"Video ya gari hilo haimo, afande," koplo alisema. "Nimepitia zote, nazo ni chache. Mwenye gereji anasema simu ilikuwa imejaa, haikuweza kurekodi. Na simu yenyewe inasema imejaa. Mashahidi wawili wanakubaliana."

"Huyo wa pili anasema imejaa leo. Hajasema ilijaa lini."

Aliitia simu katika bahasha ya vielelezo, akaitia saini penye mdomo, akachukua kofia yake.

Gereji ilikuwa ua mpana ulioezekwa mabati upande mmoja, na saruji yake ilikuwa imekunywa oili hata ikawa nyeusi. Gari lililoua lilikuwa bado mahali pake, limezungushiwa utepe. Karibu nalo palikuwa na meza ya chuma yenye jiriwa, na juu ya meza hiyo rafu ya spana zilizopangwa kwa ukubwa, kila moja na ndoano yake. Upande wa pili wa ua pikapu nyeupe ilikuwa imepandishwa juu ya stendi mbili, magurudumu ya nyuma yametolewa.

Mpwa wa marehemu, mwenye gereji, aliitwa Bosi na mafundi wake, naye alikuwa amelizoea jina hilo hata likamkaa kama shati la kupimwa. Alivaa viatu vyeusi vilivyong'arishwa, vigeni katika ua ule. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Karibu, afande. Nilishasema yote, lakini karibu tena."

"Ahsante. Stendi za gereji hii ni ngapi?"

"Mbili. Nyingine zilivunjika, tulikuwa kwenye mpango wa kununua."

"Asubuhi ile hizo mbili zilikuwa wapi?"

"Hapo hapo unapoziona. Chini ya pikapu, tangu jana yake jioni. Nati alijua hilo. Alitakiwa asubiri. Yeye akatia jeki, basi."

"Na mjomba wako akaingia chini ya gari pasipo kutazama?"

Bosi alipangusa uso kwa kiganja. "Mjomba alimwamini yule kuliko alivyoniamini mimi mtoto wa dada yake. Uaminifu wenyewe ndio huo umemmaliza."

"Naambiwa alikuwa na desturi ya kurekodi."

"Desturi!" Bosi alicheka kicheko kikavu. "Afande, mjomba angeweza kumrekodi nzi akitua kwenye bampa. Simu yake ilikuwa ghala la mabati. Imejaa muda mrefu sana. Na aliyemalizia kuijaza ni Nati huyo huyo, anashushia mipira humo, mechi nzima nzima. Waulize hawa."

Fundi rangi aliyekuwa akisugua mlango wa gari jirani aliinua kichwa. "Hilo kweli. Mzee alimsema siku hiyo mpaka tukamwonea huruma. Ila ilikuwa zama za..."

"Wewe piga msasa!" Bosi alimkatiza.

Fundi rangi alirudi kwenye mlango wake, akinong'ona kwamba msasa nao una masikio.

"Baada ya ajali simu aliichukua nani?" Inspekta aliuliza.

"Mimi. Ilikuwa rafuni pale. Nikampigia mkaza mjomba kumpa habari."

"Yako haikuwapo?"

"Nilichanganyikiwa, afande. Yake ilikuwa karibu, na haina namba ya siri. Alikuwa anasema mwizi akitaka kuona ekseli za watu, na aone."

Inspekta aliiendea rafu. Aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na ubao, akatazama mbele. Kutoka hapo mtu aliliona gurudumu la mbele, sehemu ya chini ya gari, na alama mbichi iliyochimbwa na jeki katika saruji.

"Ilikuwa imelala au imesimama?"

"Nini?"

"Simu."

Bosi aliitazama rafu. "Imelala. Sijui. Sikumbuki, afande. Nani angekumbuka?"

"Haidhuru. Jioni uje kituoni utie saini maelezo yako. Nitakuwa nimeyapigisha chapa."

Mjane wa Mzee Taratibu alikuwa ameketi sebuleni, mgongo umenyooka, mikono imelala mapajani kama vitu alivyokabidhiwa na mwenyewe hajui aviweke wapi. Kiti kilichokuwa mkabala naye mezani hakikukaliwa na mtu, ijapokuwa ndugu wawili walikuwa wamekaa chini.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa, baba. Lakini kama umekuja kunitajia Nati, rudi na njia yako. Huyo nimemlisha kwa mkono huu. Alikuja kwangu hajui kufunga kamba za viatu. Malipo yake ndiyo kile kiti."

"Sikuja kumtetea wala kumshitaki. Nimekuja kuuliza habari za simu ya marehemu."

"Simu!" Midomo yake ilicheza, ikakaribia kutabasamu, ikaacha. "Huyo alikuwa mke mwenzangu. Miaka yote hiyo hakunipiga picha hata moja ya maana. Yeye na miguu ya magari ya watu."

"Kwa wingi huo wa video, haikuwa ikijaa?"

"Ijaeje? Kila jioni kabla ya kula anakaa hapo, anavaa miwani, anaifagia. Neno lake hilo, anaifagia. Za siku hiyo anazihamishia kwenye kadi, kadi anaitia katika kopo lile kabatini. Akishahakikisha zimeingia, anazifuta kwenye simu. Anabakiza chache za magari ambayo bado yamo gereji. Halafu anafungua sijui wapi tena, anamwaga taka."

"Taka zipi, naye amekwisha futa?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akaniambia, mke wangu, ukifuta umesogeza uchafu mpaka mlangoni tu. Bado umo ndani na bado unakula nafasi. Kazi haijaisha mpaka uutoe nje. Akasema simu ni stoo, mizigo ya jana isipotoka, ya leo italala mvuani." Aliutazama mlango. "Alipenda kuniongelea kama mimi ndiye mwanafunzi wake."

"Na mipira ya Nati?"

"Ilikuwa mara moja, zamani. Alimsimamisha hapo ulipo, akamfutisha mwenyewe, moja baada ya moja. Hakurudia."

Inspekta alishusha sauti, kwa kuwa swali lililofuata lilikuwa na uzito. "Jioni ile ya mwisho aliifagia?"

Mjane alikitazama kile kiti.

"Aliifagia. Chakula kinapoa. Nikamwambia, hiyo simu haikimbii, acha uje ule. Akasema taratibu. Alikuja alipomaliza. Nikamnunia, afande. Tulikula kimya, na asubuhi akatoka."

Ndugu mmoja alianza kulia chinichini. Inspekta aliliomba kopo la kadi, akaandika hati ya kulipokea, akamsomea mjane neno kwa neno kabla ya kutia saini.

Kituoni alimwita koplo na sajini wa zamu awe shahidi, akafunga mlango. Kadi iliyokuwa juu katika kopo ilipochomekwa kwenye kompyuta, ilionyesha video za siku iliyotangulia kifo. Nyingi kati ya hizo hazikuwamo tena ndani ya simu.

"Maana yake nini, koplo?"

"Maana yake alizihamisha, kisha akazifuta. Mjane anasema kweli. Jioni ile simu ilikuwa na nafasi tele."

"Asubuhi yake mwenye simu akafa. Mchana tukaichukua sisi, imejaa. Stoo iliyofagiliwa jioni ikajaa kabla ya adhuhuri. Kwa mzigo gani?"

"Mipira ya Nati?"

"Itafute."

Koplo aliitafuta kwa makini yake ya kawaida, na hakuiona. Alifungua ukurasa unaoonyesha jinsi nafasi ya simu ilivyogawanywa. Akaukunja uso. "Hesabu haikubali, afande. Video ninazoziona hazifiki hata robo ya nafasi. Lakini mstari umefika mwisho."

"Basi kuna mzigo ambao haupo sebuleni wala chumbani, nao bado umo ndani ya nyumba."

Koplo aliitazama ncha ya kidole chake.

"Mlangoni," alisema. "Kwenye kapu la taka. Nilikuwa karibu kulimwaga, afande."

"Ulikuwa karibu. Fungua. Sajini, tazama na uandike."

Ndani ya kapu palikuwa na video moja tu. Ilikuwa ya asubuhi ile, nayo ilikuwa ndefu kupita zote walizoziona. Inspekta aliamuru inakiliwe kwanza kwenye kompyuta ya kituo, kwa sababu vitu vya kapu hilo hutoweka vyenyewe muda ukipita, na mtu mwenye busara hamwachi shahidi wa pekee alale nje. Nakala ilipokamilika, ndipo walipoitazama.

Stendi mbili zilikuwa zimesimama wima chini ya gari.

"Ya kulia ipo," sauti ya mzee ilisema, nzito na yenye mapumziko. "Ya kushoto ipo. Itikise."

Mkono wa Nati uliishika stendi, ukaitikisa. "Imekaa, mzee. Hata tembo apande."

"Tembo hana pesa za kututengenezesha gari. Nenda kaniletee boli, na usipitie kwa muuza magazeti ukasome mipira."

"Aa, mzee, ukurasa mmoja tu!"

"Nenda!"

Honi ililia kwa mbali, na sauti ya tatu ikaita kutoka uani: "Mjomba, fanya hima! Wateja wanachacha!" Kisha kidole kinene kilichovishwa glovu nyeusi kwa oili kilikikaribia kioo, kikagonga. Kikagonga tena. Picha haikukatika.

"Glovu," koplo alinong'ona. "Kioo hakikumsikia."

"Siku zote alikuwa akivua kwanza?"

"Hizi nyingine zote zinaishia kwa kidole kitupu, afande. Nimeziona."

Mtu aliyeitwa Taratibu alikuwa ameharakishwa mara hiyo moja. Aliamini amezima, akaiegemeza simu kati ya spana, na simu ikaendelea kutazama. Kwa kitambo kirefu ilitazama buti mbili zikitokeza chini ya gari, nyundo ikigonga, na mzee akiimba kwa mguno wimbo usio na maneno. Kisha mzee alijitoa chini, akasema peke yake kwamba anakwenda kunywa maji, buti zikaondoka.

Viatu vyeusi vilivyong'arishwa viliingia katika picha.

Mikono safi ilipampu jeki kidogo, ikaichomoa stendi ya kulia, kisha ya kushoto. Mtu aliita kwamba mwenye pikapu hasubiri tena. "Nakuja nazo!" mwenye viatu alijibu. "Hapa jeki inatosha, ni kitambo kidogo tu." Stendi ziligongana, viatu vikatoka.

Hapakuwa na mtu kwa muda. Kisha buti zilirudi. Mzee Taratibu aliketi, akalala chali, akateleza chini ya gari macho yakiwa tayari yanaitafuta kazi yake juu, kama mtu aliyekwisha hakikisha. Wimbo wake ulianza pale ulipokuwa umekatika.

Picha ilisimama. Sajini aliinua kalamu, akangoja.

"Hakuna zaidi," Inspekta alisema. "Hapo ndipo nafasi ilipokwisha."

Bosi alifika jioni kama alivyoahidi. Inspekta alimpa kiti, akamwekea maelezo mbele yake.

"Kabla hujatia saini, soma tena panapohusu stendi. Polepole. Kama kuna neno unataka kulibadili, nitalibadili mimi mwenyewe, na sitakuuliza kwa nini ulichelewa."

Bosi alisoma. Kalamu ilining'inia juu ya karatasi. Kisha akatia saini.

Inspekta alishusha pumzi, akaiweka simu mezani, akaifungua video pale viatu vilipoingia. Bosi aliitazama. Halafu, pasipo kukusudia, alivivuta viatu vyake nyuma, chini ya kiti.

"Niliifuta hiyo," alisema.

"Uliifuta. Hukuitoa nje."

"Sikutaka afe, afande. Wallahi sikutaka. Ni mjomba wangu. Nilidhani nitazirudisha kabla hajamaliza maji. Nikasikia kishindo nikiwa chini ya pikapu. Nilipoiona simu inaonyesha imejaa, nikasema, basi, Mungu mwenyewe amenipa la kusema."

"Kwamba hukutaka afe, nalisadiki, na hakimu ataambiwa. Na Nati? Juma zima umeamka, ukanawa uso, ukafungua gereji, na unajua mahali alipolala. Hilo nalo utasema lilikuangukia?"

Sajini alimwinua Bosi kwa mkono, naye akaenda bila kushindana.

Sheria ilitaka sauti ya marehemu itambuliwe na mtu aliyemjua. Mjane aliletwa jioni hiyo hiyo. Inspekta alimweleza kwanza yaliyomo, kila jambo, ili lisimrukie. Kisha akamsikilizisha.

Alisikiliza kichwa kimeinama. Aliposikia habari ya tembo asiye na pesa, alijifunika mdomo kwa ncha ya khanga. "Ni yeye," alisema. "Na huyo wa mipira ni Nati. Na huyo anayeharakisha watu..." Hakumalizia. Wimbo ulianza tena, ukakatika.

"Zima, baba. Nisimsikie."

"Hakuna cha kuzima, mama. Haikurekodi zaidi ya hapo. Ilijaa."

Inspekta hakumharakisha.

"Jioni ile," mjane alisema hatimaye, "angenitii mimi, aiache simu aje ale chakula cha moto, ingekuwa na mizigo ya jana. Ingejaa mapema."

"Ingejaa mapema, mama. Kabla viatu havijaingia."

Alitikisa kichwa kwa utaratibu, kama anayekubali hoja ya mumewe katika ubishi wa zamani. Kisha akainuka, akajifunga khanga sawasawa.

"Mfungulieni," alisema. "Tena msimwambie kuwa nipo. Nataka nimwambie mwenyewe kwamba nimemkosea."

Koplo alizichukua funguo, akatangulia. Mezani simu iliwaka, ikaonya kwa maandishi yake mekundu kwamba nafasi imejaa, ikauliza kama imwage takataka. Inspekta alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha kwa kidole kitupu, pole pole, akabonyeza hapana.